Zamu ya Wakili

Jina la Mama Pingamizi alipewa na mumewe, si na mahakama. Mwanamke gani huyo, ukimwambia chai imepoa anakuuliza ushahidi uko wapi! Mumewe, fundi cherehani mwenye maneno yake, alishamzoea. "Mke wangu," humwambia, "hapa ni nyumbani. Vua joho."

Uwakili wenyewe ulikuwa umemchosha. Miaka nenda rudi anapanda ngazi za mahakama na mafaili kwapani, leo kesi ya mpaka, kesho ya talaka, magoti yanamlalamikia. Basi kanisa moja dogo lilipomkabidhi kesi yake, na mchungaji akadokeza kwamba makao yao ya wazee yangehitaji wakili wa kudumu, mwenye meza yake na kiti chake, jamani, aliitamani kazi hiyo mpaka akaiota. Hata dirisha la kukaa karibu nalo alishalichagua.

Kesi ilikuwa hivi. Mpishi mmoja, hodari kwelikweli, aliomba kazi pale makaoni akakataliwa kwa sababu hakuwa muumini wao. Akashtaki. Wala hakuwa mchokozi. Mama Pingamizi mwenyewe alimpenda.

"Sufuria haina dini," mpishi aliiambia mahakama. Watu wakacheka, hakimu akaandika.

Mama Pingamizi akasimama, akaeleza utaratibu wa makao yale. Kila asubuhi, kabla jiko halijawashwa, wafanyakazi wote huzunguka vitanda vya wazee, na sala huongozwa kwa zamu. Hakuna wa kusema hiyo ni kazi ya mchungaji. Leo mlinzi, kesho dobi, keshokutwa mpishi. Na mzee akizidiwa, anaitwa mwenye zamu, awe na unga mikononi au sabuni, aje amshike mkono na kumwombea kwa imani yao.

"Mheshimiwa, sufuria haina dini, nakubali. Zamu inayo. Tukimwajiri dada huyu, ama tumlazimishe kuomba asichokiamini, ama mzee akate roho hana wa kumwombea. Waumini waachiwe wachague wenzao kwa kazi ya namna hii."

Hakimu akavua miwani. "Haya, ya mpishi nimeyaelewa. Mnaishia wapi sasa? Mkiajiri wakili, naye awe muumini?"

Lo! Swali limemwangukia Mama Pingamizi mwenyewe. Yeye si wa dhehebu lile, na mchungaji alikuwa amekaa nyuma yake pale pale, anasikiliza. Angeweza kusema wakili ni mtu wa makaratasi tu. Lakini wakili akiwa mtu wa makaratasi tu, basi mpishi naye ni mtu wa masufuria tu, na kesi imekwisha. Kwa mara ya kwanza maishani alitamani mtu mwingine asimame apinge. Wakili wa upande wa pili alikuwa ameegemea kiti, anatabasamu.

"Wakili wa kudumu naye ana zamu, mheshimiwa," alisema. "Lazima awe muumini."

Wakashinda. Mumewe aliposikia habari yote alicheka mpaka akajichoma sindano. "Yaani umejikaanga kwa mafuta yako mwenyewe! Si ubatizwe kwao basi, ukakalie kiti chako?"

"Kwa ajili ya kiti? Mimi niliyesema mbele ya hakimu kwamba mtu asiombe asichokiamini?" Akacheka naye, ingawa ilimuuma, tena si kidogo.

Siku chache baadaye mchungaji akapanda ofisini kwake, anahema, ana aibu. "Mama, tunatafuta wakili. Tunaogopa kushtakiwa tena. Hebu tupitishie macho hili tangazo."

Akasoma. Mwombaji awe na leseni, awe na uzoefu, *ingependeza* awe muumini.

"Ingependeza?"

Mchungaji akatazama viatu vyake. "Tulikufikiria wewe, mama. Tumeacha kimwanya."

Mama Pingamizi aliisoma tena karatasi ile. Macho yakamlowa, akayafuta kwa ncha ya kitambaa chake.

"Kimwanya hiki ndicho atakachopitia mpishi wa kesho na kesi mpya," alisema. Akashika kalamu, akakata neno lile, akaandika juu yake: *lazima*. Akamrudishia karatasi.

"Na kiti kiwekeni dirishani, mchungaji. Atakayekuja naye ana magoti."