Wiski Mbili na Pua ya Mtoto wa Miteja

Jamani, leo nimeshinda mashindano ya wiski na sijawahi kuionja hata tone!

Hapa gesti ninapofanya kazi, Kilwa Masoko, kuna mgeni kaja na chupa mbili za wiski ya aina moja.

Moja ya zamani, imekaa kabatini kwa baba yake miaka na miaka. Nyingine kainunua juzi tu.

Akawamiminia wenzake kwenye glasi, chupa kazificha. Nani atajua ipi ya zamani?

Wakaonja. Wakafumba macho, wakatikisa vichwa kama wataalamu.

Wakakosa WOTE 😂

Mimi napita na bakuli la barafu, nikasema, "Kaka, naomba ninuse tu."

Wakacheka. Mtandio na wiski wapi na wapi!

Hawajui nimekulia Miteja, kijiji cha korosho. Mama alitufundisha kunusa korosho kabla ya kuzitia guniani, za mwaka jana zisichanganyike na za mwaka huu.

Nikanusa. Glasi moja inanukia mbao mpya. Nyingine, mabibo, yale matunda ya korosho, yaliyokaukia juani.

"Ya zamani ni hii."

Mgeni akaruka kwa furaha, glasi yote ya wiski hiyo ikanimwagikia mtandioni!

Nimefika nyumbani mtandio unanuka wiski. "Shikamoo, mama."

Akaushika mtandio, akanusa.

Nikaapa sijanywa, nimemwagikiwa tu.

Akanusa tena, taratibu, macho kafumba.

"Marahaba. Tena hii ni ya zamani."

Jamani, MAMA KAJUAJE? 😳

Nimuulize, au ninyamaze?