Jina Nililotaja Ili Mutoto Wangu Atembee

Ndugu ba gazeti na basomaji, naomba mufiche jina langu kama mulivyofichia bengine. Niko na miaka makumi mbili na mbili, tunakaa ku kambi ya Musonoi, na bwana yangu anatumika ku mugodi.

Mutoto wetu wa kwanza, Ngalula, alizaliwa na miezi saba. Na sisi tulikuwa tumemaliza miezi saba tu mu ndoa, kwa hiyo batu bakahesabu vile banapenda. Alikuwa mudogo sana, kichwa chake kilienea mu kiganja changu. Masera, mutawa muuguzi wa lopitalo, alimulaza ndani ya kisanduku, akamuzungushia chupa za maji ya moto, akaniambia, "Mama, huyu atachelewa ku kila kitu: kukaa, kutembea, kusema. Usimufananishe na batoto ya bengine." Bwana yangu alikuwa kazini, hakusikia maneno ile.

Ngalula akafika miaka mitatu bila kutembea. Nikimusimamisha, miguu inakazana na kupitana kama makasi. Njo mama mukwe akakuja na treni kutoka Kasai. Akamunyoosha mutoto miguu, akanitazama. "Huyu amefungwa na jina la mwanaume moja," akasema. "Mama yake analijua. Siku atalitaja, mutoto atasimama."

Mi sijajua mwanaume mwingine. Nilikataa kwa majuma matatu. Nilipika, mama mukwe hakugusa chakula yangu. Bwana yangu akaanza kula kwa dada yake. Kisha siku moja akaikala mbele yangu, akasema polepole, "Taja tu, muke wangu. Sitakasirika. Nataka mutoto atembee."

Nikachoka. Nikataja Luka. Alikuwa jirani yetu, mutu wa heshima, sasa anatumika ku reli kule Lubudi. Nilichagua yeye juu iko mbali.

Siku ya ine, Ngalula alishika kiti, akakiachilia, akapiga hatua tatu. Mama mukwe akalia kwa furaha. Masera alisema atachelewa, hakusema hatatembea. Lakini nani atanisikia sasa? Hata mi mwenyewe saa zingine naogopa kwamba ni lile jina.

Tangu pale bwana yangu hagombani tena. Anakula, ananisalimia muzuri, anasema kidogo. Jana akanionyesha karatasi: amepata konje, mapumziko ya kazi ya siku tano, mwisho wa mwezi. Nikamuuliza anaenda wapi.

"Lubudi. Kumusalimia Luka."

Halafu akaniuliza kama Luka angali anakaa peke yake.

Nikisema nilidanganya, mama mukwe atasema ninafunga tena miguu ya mutoto, na siku Ngalula ataanguka, itakuwa juu yangu. Nikinyamaza, Luka atafungua mulango akifikiri amepata mugeni. Mwezi unaisha. Ninyi benye akili na benye kuzaa, munishauri: niseme nini, na nianze na nani?