Boti Tatu za Kuchungulia Upepo

Nakumbuka Ijumaa moja ya kipupwe, mwanangu, ukungu haujatoka kijijini Mpemba na malori yamejipanga barabarani yakisubiri kuvuka mpaka, mzee mmoja aliponiwekea daftari la shule juu ya meza na kuniambia nisome. Sikuwa mtoto. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na saba, nina kazi, nina funguo za ofisi mfukoni, na watu waliniita fundi. Lakini kabla sijafika ukurasa wa pili wa daftari lile nilitamani ardhi inimeze. Ngoja nikueleze tangu mwanzo, maana jambo lenyewe ni la boti, na mimi na wewe tumezaliwa milimani.

Mimi ni mtu wa Itumba. Kwetu maji tunayoyajua ni ya mto na ya mvua. Nilishuka Tunduma kutafuta maisha, nikapata kazi kwenye chumba cha intaneti, enzi zile watu walipokuja kusoma barua pepe na kupekua picha za magari. Hapo ndipo nilipokutana na mashindano ya boti za tanga ya mtandaoni. Usicheke. Unapewa boti moja kwenye ramani ya dunia, pamoja na maelfu ya watu wa nchi nyingine. Upepo wake si wa kubuni. Ni upepo unaovuma kweli baharini siku hiyo, na ramani inabadilishwa asubuhi na jioni. Wewe unachagua tanga, unaelekeza usukani, na boti inakwenda kwa mwendo ambao boti halisi ingekwenda, wiki baada ya wiki. Ukitoka kwenda kula, inakwenda. Ukienda kuzika, inakwenda.

Tulikuwa sita. Wawili walikuwa makarani wa kutoa mizigo mpakani, mmoja mwalimu, na mimi. Wa tano alikuwa Mzee Halinga wa Ihanda, huko Mbozi, mkulima wa kahawa, ambaye ujanani alishika usukani wa boti za mizigo Ziwa Nyasa mpaka nyonga ilipomvunjika. Alikuja Tunduma kila Jumanne na Ijumaa kwa basi dogo, akipanda na kushuka kwa shida, ili apange njia yake ya siku tatu zijazo. Alikuwa na manung'uniko yake. Alisema mchezo ule ulikuwa na uwongo mmoja mkubwa, kwamba tanga halichaniki na mtu hachoki. Kwa hiyo yeye akijua upepo ni mkali mno, alipunguza tanga ingawa hakuna aliyemlazimisha. Tukimwambia anapoteza mwendo, alijibu kwamba anapoteza mwendo ambao hakustahili kuwa nao. Tulimcheka, mwanangu. Kijana huona mengi, lakini hajui kipi cha kucheka na kipi cha kunyamazia.

Wa sita alikuwa mama mmoja wa Nakonde, upande wa Zambia, muuza vitenge. Tulimwita Ba Chanda, kwa adabu ya kwao. Aliingia asubuhi akitusalimu kwa Kibemba, "Mulishani," akakaa kwenye mashine ya dirishani, akageuza usukani wake, akaondoka kufungua kibanda. Hakuwa na maneno mengi, na alikuwa hodari kuliko sisi sote.

Tulijiwekea taratibu zetu za haki. Jumapili hakuna kugusa usukani mpaka watu watoke kanisani. Umeme ukikatika Tunduma nzima, mwenye kuukuta mahali pengine asijifaidie peke yake. Hizo zilikuwa zetu. Lakini sheria kubwa ya mashindano yenyewe ilikuwa moja: mtu mmoja, boti moja. Na sababu yake ni nyepesi. Baharini hakuna mtu anayeweza kujituma mwenyewe mbele akachungulie upepo, kisha arudi ajiambie apite wapi.

Mimi nilipata njia ya kujituma.

Mwaka ule tulikuwa kwenye mashindano ya kuizunguka dunia. Tulipofika karibu na mstari wa ikweta nilianza kuachwa. Nikajitetea moyoni kwa methali, maana methali ni kama kisu, hukata mkate na hukata mkono pia. Nikasema, dau la mnyonge halendi joshi, halikabili upepo. Hao Wazungu wana umeme siku nzima, wana mashine za kasi, wengine wana programu za kuwapigia hesabu ya njia. Mimi nina nini? Nina funguo za chumba. Nikaandikisha boti nyingine tatu, maana mchezo ulimruhusu aliyechelewa kuanzia mbele ya njia. Moja niliipeleka kulia, moja kushoto, moja katikati, zote zikitangulia mbele ya boti yangu. Ile iliyopata upepo mzuri, niliifuata. Zilizokwama kwenye shwari, niliziacha zioze huko.

Sasa sikiliza ubaya ulipoingilia. Boti zile zilihitaji majina ya wenyewe. Sikutaka yafanane na langu wala na ya watu wa kwetu, nikachukua majina ya Kibemba niliyokuwa nikiyasikia kila siku mpakani. Na kwa kuwa mashine yangu ya mezani ilikuwa mbele ya macho ya kila mteja, niliziendesha kwenye ile ya dirishani, Ba Chanda akishaondoka. Nakuapia sikukusudia kumsingizia. Lakini anayetupa jiwe gizani hawezi kusema hakukusudia kichwa cha mtu.

Baada ya wiki tatu wasimamizi wa mashindano waliandika barua. Walikuwa wameona boti tatu za uongo zinazotoka kwenye mashine moja na boti ya Ba Chanda. Walimsimamisha. Boti yake ikaganda kusini kabisa mwa Afrika, tanga limekunjwa, wakati wenzake wanapita.

Barua ile tuliisoma mbele yake. Karani mmoja alitazama yale majina ya Kibemba, kisha akamtazama yeye. Mwalimu alikohoa. Ba Chanda alisoma mara mbili, akachukua mkoba wake.

"Sijui kosa langu," alisema. "Lakini kama mnaona nimeiba, basi niambieni nimeiba nini."

Mimi niliyekuwa na jibu nikajifanya nafuta vumbi kwenye kompyuta. Akatoka, na hakurudi siku iliyofuata, wala ya pili.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini usidhani mwongo anaitembea kwa raha hata hiyo fupi. Kila nikifungua ramani, jicho langu lilikwenda kwenye ile boti iliyosimama. Yangu ilikuwa ya kwanza kati yetu sita, na sikuifurahia hata kidogo.

Ndipo ikaja ile Ijumaa. Mzee Halinga aliingia, akaegemeza fimbo yake, akaniwekea daftari. Ndani yake alikuwa amechora ramani kwa penseli, na kila siku aliyokuja aliweka alama mahali zilipofika boti zote za kundi letu, na zile tatu za uongo vilevile, kwa kuwa aliziona zikiitangulia yangu kila mara. Hakuwa na mashine ya kumsaidia. Alikuwa na rula ya plastiki.

"Tazama boti yako," aliniambia kwa sauti ya chini, maana kulikuwa na wateja. "Tangu ikweta haijakosea hata mara moja. Mimi nimekosea mara tisa. Ba Chanda amekosea mara nne, naye ni bingwa. Kila zile tatu zikigawanyika, moja inapata upepo, na kesho yake wewe upo nyuma yake. Mtu anayeendesha kwa akili yake hujuta njiani, Lwitiko. Boti yako haijawahi kujuta."

Nilijaribu kucheka. Nikamwambia, "Mzee, huu si mchezo tu? Hata maji yenyewe hayamo."

Hakukasirika. Ningependa angekasirika.

"Maji hayamo," akasema, "lakini watu wamo. Yule mama yuko Nakonde sasa hivi, na aibu aliyovishwa si ya mchezo."

Nikamuuliza kama atawaambia wengine. Alitikisa kichwa. "Sitasema. Nikisema mimi, utakuwa umekamatwa. Ukisema wewe, utakuwa umerudi." Kisha akaniomba nimfungulie mashine, akageuza usukani wake nyuzi chache tu kuelekea kusini, akaondoka kuwahi basi la Ihanda. Mpaka leo sijapata karipio jingine fupi kama lile.

Jumamosi asubuhi nilifunga chumba, nikavuka kwa miguu. Kibanda cha Ba Chanda kilikuwa mstari wa tatu kutoka barabarani. Nilimkuta anakunja vitenge. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri njiani, yakanitoroka yote, nikasema tu kwamba boti zile zilikuwa zangu. Aliendelea kukunja mpaka akamaliza kile kitenge. Kisha akauliza kitu kimoja.

"Kwa nini majina yetu?"

Ningeweza kusema yalinijia tu. Lakini nilikuwa nimechoka kusema uwongo. Nikamjibu, "Nilidhani hakuna atakayewasikiliza nyinyi mkikataa."

Ilikuwa kweli, na yeye alijua ni kweli, na nadhani ndiyo iliyomuuma kuliko boti. Alimwachia jirani kibanda, tukarudi pamoja Tunduma. Akavuta kiti karibu na mashine, akataka niandike mbele yake. Nilianza kwa kuwaandikia wasimamizi kwamba kulitokea makosa katika kundi letu. Akaweka kidole kwenye kioo.

"Makosa hayatokei yenyewe," alisema. "Andika 'mimi'."

Nikafuta, nikaandika.

Majibu yalikuja Jumatatu. Boti yangu iliondolewa, na nilizuiwa kushiriki mwaka mzima. Yake ilirudishwa. Lakini zile siku sita alizosimama hawakuweza kumrudishia, kwa sababu upepo uliokwisha kuvuma umekwisha, na wakimsogeza mbele kwa mkono wataharibu mbio za wengine. Wenzetu waligawanyika juu ya hilo. Mwalimu alisema hiyo si haki. Karani mmoja akasema ni haki, bahari nayo haimrudishii mtu siku. Walibishana mpaka Jumanne, Mzee Halinga alipokuja. Alisikiliza pande zote mbili, halafu akasema kwamba ziwani, chombo kimoja kikipata shida, vingine havikai kupigiana hesabu ya haki, bali vinageuka. Akaketi kwenye mashine na kuteremsha tanga la boti yake, katikati ya bahari ya kusini, mahali ambapo hakuna mtu mwenye akili anayesimama.

Makarani wakafuata. Mwalimu naye. Boti nne za Tunduma na Mbozi zikakaa pale siku sita, maelfu ya watu wa dunia wakizipita. Wasimamizi wakaandika kuuliza kama zimepata hitilafu. Mzee Halinga aliniamuru mimi, nisiye na boti, niwajibu kwa niaba yao. Niliandika maneno mawili tu: tunamngoja mwenzetu.

Ba Chanda alipoingia Jumanne ileile jioni na kuona ramani, alisimama mlangoni akiwa bado na mkoba begani. Alikaa kwenye mashine yake, akapandisha tanga. Alipowafikia waliondoka pamoja, wakafika mwisho wakiwa nyuma sana ya dunia, naye akamtangulia Mzee Halinga kwa karibu siku nzima. Mzee alifurahi kama aliyeshinda yeye. Amekwisha pumzika sasa, Mungu amlaze pema.

Usitarajie nikwambie kwamba mimi na Ba Chanda tulikuwa marafiki wakubwa baadaye. Alinisalimia, alinijibu nilipomuuliza habari za nyumbani, na siku nilipooa alileta kitenge. Alinisamehe kiasi alichoweza, nami nilikipokea kilivyo. Kosa la mchana mmoja huweza kudai adabu ya miaka, na mwenye kosa hana haki ya kuharakisha.

Mwanangu, najua sasa mnacheza kwenye simu, na wengine wenu mna akaunti mbili tatu, na mkiulizwa mnasema kila mtu anafanya hivyo. Sikulaumu. Nimekaa kwenye kiti hichohicho, najua kilivyo laini. Nakuomba tu ushike haya. Ukitaka mchezo ufanane na kweli, usitafute ukweli kwenye mawimbi na matanga peke yake. Utafute kwanza kwa anayecheza. Kubali kukosea kwa akili yako mwenyewe kuliko kupatia kwa hila, kwa sababu aliyekosea hujifunza njia, na aliyepatia kwa hila huanza upya kila asubuhi. Usijifiche nyuma ya jina la mtu ambaye unajua hatasikilizwa. Huo ni wizi mbaya kuliko wa mali. Na ukiwa umekwisha kosa, nenda mapema, kwa miguu yako, kabla hujafuatwa. Sheria inaweza kumrudishia mtu nafasi yake, lakini siku zake zilizopotea hurudishwa na watu, na watu hao ndio wewe.

Nenda basi, kawia ufike. Mungu akukuze, akulinde uendako, akupe wenzako ambao wakikuona unaingia mlangoni watasogeza viti wakupishe ukae kati yao.