Nilichomtafsiria Bwana Han

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tano, kijijini kwetu kwenye vilima vya Kibakwe, nilisema uongo mmoja ambao hadi leo ukinijia natazama chini.

Bwana Han, fundi Mkorea aliyeletwa kutuchimbia kisima, alipanga chumba uani kwetu. Mashine yake ilikuwa ndefu kuliko kanisa letu, na kompyuta yake ilimwonyesha kilichopo chini ya ardhi. Aliruhusiwa kuchimba mara mbili tu. Akikosa maji, mashine inahamia kijiji kingine, nasi tunaendelea kufukua mchanga wa korongo alfajiri. Mimi kila siku nilichelewa shule kwa sababu ya ndoo.

Siku ya kwanza Bibi yangu, ambaye Kiswahili kilimpiga chenga, alisimama mbele ya mashine akasema kwa Kigogo kwamba ardhi ile ina wenyewe, wazee waliolala pale, na wasiposalimiwa kwa pombe maji yatajificha. Bwana Han, aliyejua Kiswahili kidogo, akaniuliza anasemaje. Niliitazama kompyuta, nikamtazama Bibi na kaniki yake iliyochakaa, aibu ikanishika.

"Anasema karibu sana," nikajibu.

Bwana Han akamwinamia kwa shukrani, na Bibi akaondoka ameridhika. Walichimba siku mbili, likatoka vumbi tupu.

Asubuhi ya kuchimba mara ya pili nilimkuta Bwana Han amepanga meza mbele ya mashine: kichwa cha nguruwe kilichochemshwa, wali, samaki mkavu aliyezungushiwa uzi mweupe, na pombe yetu ya mtama, maana ya mchele ya kwao haikupatikana. Akavua kofia ngumu, akapiga magoti, paji la uso likagusa vumbi. Kisha akamimina pombe kwenye miguu ya mashine. Nikakumbuka maneno ya Bibi. Aliniambia, huku akikagua kompyuta yake, kwamba kwao hata gari jipya hufanyiwa hivyo, na mwanawe alipofungua ofisi ya kutengeneza programu za simu huko Seoul, aliinama vilevile. Aliyasema hayo kama mtu anayeeleza namna ya kupika chai.

Nikaangua kilio, nikamweleza ukweli wote. Nilingoja anifokee.

"Kompyuta inaniambia maji yako wapi," akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu. "Haijui ni ya nani. Mwite Bibi."

Akampokea kwa shikamoo, akampa kibuyu cha pombe kwa mikono miwili. Wakamimina pamoja, kila mmoja akinong'ona kwa lugha yake, na mimi nikahisi mahali pale pamejaa watu nisiowaona. Alasiri maji yaliruka, wanawake wakayakinga kwa khanga.

Sasa nafanya kazi ya ofisini Dodoma mjini. Najua vipimo vya pale pa pili vilikuwa vizuri tangu mwanzo, wala sibishani navyo. Ninachokumbuka ni kwamba aliyeijua mashine kuliko sote ndiye aliyeinama chini kabisa, na mimi mwenye madarasa matano ndiye niliyemwonea Bibi aibu.

Sikumwambia kamwe. Alifariki akiamini kwamba Bwana Han alimwelewa tangu siku ya kwanza, ila alikuwa anasubiri pombe iive.