Plasta Juu ya Ukuta wa Mama Zetu

Kanisa letu la Nunguni lilipokuwa dogo kwa waumini, vijana walitaka libomolewe lote. Mimi, mzee wa kanisa mwenye magoti mabovu, niliomba ukuta mmoja tu ubaki: ule wa mbele, wa mawe ambayo mama zetu waliyapandisha kutoka mtoni, mzigo mgongoni, mkanda wa ngozi kwenye paji la uso. Mikutano ilinichosha. Mwishowe mchoraji wa majengo, binti mtulivu, akakubali. Ukuta ungesimama, na nyuma yake zingepanda nguzo za chuma, vioo na paa refu la mabati. Ila aliionya kamati ya ujenzi kwamba mawe yale yameshikwa na chokaa. Simiti ingefungia maji ndani, na ukuta ungeoza.

Onyo hilo halikuwafikia akina mama wa mwethya, kundi letu la kusaidiana kazi. Siku moja kabla ya askofu kuja kuliweka kanisa wakfu, walikuja alfajiri bila kuitwa. Kwetu mgeni hapokewi kwenye ukuta usiopakwa. Nilipofika, nusu ya mawe ilikuwa chini ya plasta laini ya simiti, nzuri kweli.

"Mzee, leo hata wewe utatusifu," alisema mwenyekiti wao, mwiko mkononi.

Nilikaa juu ya karai lililopinduliwa, nikampigia simu mchoraji. Akasema plasta mbichi bado inaoshika, tukianza mara moja. Ikikauka, ukuta utabidi uangushwe.

Nikawaeleza.

"Na maji ya kuoshea atateka nani?" mmoja akauliza, akininyooshea kidole. "Yeye?"

"Kwa magoti yale?" mwenzake akadakia. "Tutambeba yeye pamoja na mtungi."

Walicheka kidogo, kwa uchovu. Mwenyekiti hakucheka. Aliugusa ukuta kwa kiganja.

"Mama mkwe wangu alibeba haya mawe akiwa na mimba ya mume wangu," alisema. "Leteni brashi."

Tuliosha mpaka jioni, mimi nikisugua safu za mawe ya chini nikiwa nimekaa.

Jumapili mawe yalikuwa bado na unyevu, na rangi ya kijivu imeng'ang'ania kwenye maungio. Askofu akauliza kama huo ndio mtindo mpya. Chini ya paa jipya akina mama walikuwa wamesinzia kabla ya somo la kwanza, nami nikamshukuru Mungu kwa usingizi wao.