Mama Niliyemwambia Karibu Twende

Sijagusa pombe tangu niingie Marekani, na siku ile sikuwa na homa. Nayasema mapema kwa sababu kila niliyemsimulia ameanza kwa kuniuliza hayo mawili. Nilichokiona nilikiona kwa macho haya, ndani ya kituo cha treni cha Alexandria, taa zinawaka, watu wanapita na mabegi yao. Ukitaka kucheka, cheka. Mimi nimeshindwa.

Mimi ni mtu wa njia. Shule niliiacha darasa la sita, nikatoka Tanga, nikakaa Mombasa, nikakaa Durban, mwisho nikajikuta naegesha magari ya wageni wa hoteli huku Virginia. Mahali pakianza kunizoea, nahama. Kwa hiyo nilipogundua kwamba Ulaya kuna tiketi moja, wanaiita pasi, inayokupandisha treni za nchi chungu nzima, usingizi uliniruka. Nikasoma kila kitu kwenye simu. Unanunua siku za safari. Kwa siku moja unapanda treni zozote mpaka saa sita usiku. Zile za kasi za Ufaransa na Hispania zinataka ulipie kiti pembeni. Kutoka Lisbon kwenda Madrid hakuna ya moja kwa moja, unabadilisha mpakani, Badajoz. Nani alinituma kujua haya? Hakuna. Ndivyo nilivyo.

Niliyepanga naye ni Fiston, kijana wa Uvira, Kongo, anayetunza wazee kule Woodbridge. Huniita yaya, kwao ndiyo ndugu mkubwa, na pasi yenyewe aliicheka siku ya kwanza tu.

"Yaya, kwa Kilingala pasi ni mateso. Tunaenda kununua mateso ya nchi ngapi?"

"Kwetu pasi ni ya kunyooshea nguo," nikamwambia. "Itatunyoosha."

Tulicheka sana. Lakini Fiston hakuwa na haja ya treni, alikuwa na haja ya mama yake. Vita viliwatenganisha, mama akaishia Brussels kwa binti yake, Aline, na sasa uzee ulikuwa unamfuta kichwa. Kila simu alikuwa amesahau mtoto mmoja zaidi. Fiston, mama bado alikuwa anamkumbuka. "Mi ningali ndani, yaya," alikuwa akiniambia kila baada ya simu, huku akijifuta uso. Alitaka Brussels iwe mwisho wa safari ili afike na hadithi za njiani. Mama akimsahau, alisema, atakuwa na kitu cha kuanza naye upya.

Basi jioni za baridi tulikutana kituoni, yeye akishuka na treni ya Woodbridge, mimi nikitoka kazini na chupa ya chai na maandazi. Tunakaa kwenye benchi la chumba cha kusubiri, tunapanga. Viza yangu ilishatoka, yeye ana pasipoti ya Marekani, pasi na tiketi za ndege tumeshanunua. Kilichobaki ni viti.

Jioni hiyo mama mmoja alikuja kukaa mwisho wa benchi letu. Koti la kijivu, kitambaa kichwani, viatu vimelowa mpaka vinachuruzika. Niamini, nje ilikuwa baridi kavu. Hakukuwa na mvua wala theluji. Alikuwa anatusikiliza vile mtu anavyosikiliza lugha yake akiwa ugenini, hujifichi hata ukitaka.

"Shikamoo, mama," nikasema.

Hakuitikia. Alitabasamu tu, akaiacha shikamoo yangu inaning'inia. Wewe niambie, mtu mzima gani wa lugha yetu asiyejua kusema marahaba? Hapo ndipo nilipaswa kushtuka. Mimi nikammiminia chai.

"Karibu chai."

Akakishika kikombe kwa mikono miwili, hakunywa. "Mnakwenda wapi, wanangu?" Kiswahili chake sikujua kukiweka wapi, si cha pwani, si cha bara, si cha Kongo.

"Ulaya, mama, kwa treni," nikajibu, na mdomo wangu, kama wa yeyote aliyelelewa, ukamalizia wenyewe: "Karibu twende."

Unajua na mimi najua kwamba huo si mwaliko. Ni adabu. Unayeambiwa unasema asante, nendeni salama, yanaisha. Yeye alisema:

"Nimekubali."

Fiston akacheka. Mama yule hakucheka.

"Nimekaa sana hapa," akasema. "Wanapita, hakuna anayenikaribisha. Mtashukia wapi?"

"Bruxelles," Fiston akajibu kwa uchangamfu wake wote. "Lakini kwanza Lisbonne, Madrid, Lyon…"

"Basi mimi nitatangulia. Kuna mtu wa kumchukua huko."

Treni ya mizigo ikapita, benchi likatetemeka, tukageukia dirishani. Tulipogeuka tena hakuwepo. Mlango ulikuwa mbele yetu na haukuwa umefunguka. Kikombe kilikuwa pale alipokaa. Chai ilikuwa imeganda, barafu mpaka chini, ndani ya chumba chenye joto la kuvua koti. Fiston alikigusa, kikamnata vidole.

"Yaya," akasema taratibu, "umealika nani?"

Kesho yake nilivunja mpango wote, tumwahi mama yake. Nikatoa Lisbon, nikatoa Madrid, nikabadilisha ndege ili Brussels iwe ya kwanza. Tulikuwa tunafunga mabegi chumbani kwangu Aline alipopiga. Simu ilikuwa kwenye spika.

"Mama ametuacha, Fiston. Asubuhi hii."

Fiston akakaa sakafuni. Aline alikuwa analia na kusema pamoja.

"Tangu jana alikuwa anasema muzuri sawa zamani. Alikuita jina. Akaniambia nimuwekee mugeni chai, eti kuna mama amefika na treni, viatu vimelowana. Mi sikuona mutu. Anasema huyo mama amealikwa na rafiki ya Fiston." Akavuta pumzi. "Huyo rafiki ni nani?"

Fiston alinitazama. Hakunitaja. Alifunga simu, akasema neno moja tu na hajaniambia jingine mpaka leo:

"Ulisema itatunyoosha, yaya."

Alikwenda kuzika peke yake. Siku hizi tukikutana kwenye basi anateremka kituo kinachofuata.

Na mimi? Pasi yangu imeisha muda bila kupanda treni hata moja. Nikikanyaga jukwaa la kituo chochote, hata la treni za chini ya ardhi, nakuta pembeni yangu nyayo za maji, zimesimama, zinaelekea ninakoelekea. Sikumwambia nenda. Nilimwambia twende, na safari sikuiwekea mwisho. Anangoja nitaje mahali. Kwa hiyo mimi niliyekuwa sikai, nimekaa.

Mama yangu yuko Tanga, mzima, akili zake timamu. Juzi amenipigia tena. "Utakuja lini, mwanangu?" Namwambia kazi zimebana. Akasema sawa, na nimesikia kwamba hakuniamini. Nitamwambia nini? Kwamba nikija sitakuja peke yangu?

Wewe ukiwa ugenini, mgeni wa lugha yako mpe chai, mpe hata koti lako. Lakini asipoitikia shikamoo yako, funga mdomo. Usimwambie twende.