Cherehani Hakikamatwi

Cherehani nilikinunua kwa mkopo katika duka moja la mtaa wa Badjanani, mwaka ambao kwetu kisiwani Nzwani walitangaza kujitenga na Jamhuri ya Komoro. Nilikuwa nimepanga chumba Magoudjou, Moroni, mji mkuu, mtoto mgongoni, baba yake kaenda Maore, kisiwa kilichobaki kwa Wafaransa, na kimya. Nguo za harusi za watu ndizo zilizotulisha. Kisha karibu wote wakaacha kushonesha kwa Mnzwani, na mimi nikashindwa kulipa.

Mwenye duka akamtuma mkusanya madeni. Huyo alichagua Ijumaa, watu wanatoka msikitini, akasimama mlangoni kwangu akatangaza deni langu kama anaadhini, na kwamba cherehani atakichukua.

"Anayeruhusiwa kuchukua mali ya mtu ni dalali wa mahakama, na hukumu mkononi," nilimwambia. "Tena chombo cha kazi hakikamatwi. Nimesoma sekondari, usinibabaishe."

Akacheka. "Hiyo sheria ya Jamhuri, dada. Ninyi si mmeikataa? Kawalilieni Wafaransa wenu mliowaomba warudi."

Majirani walicheka naye. Mabinti zao niliwashonea mimi. Hawakuona haya.

Nikaenda mahakamani kumshitaki. Karani hakuwa mtu mbaya. "Haki unayo, mwanangu. Lete cheti cha kuzaliwa nifungue jalada."

Cheti kilikuwa Mutsamudu, kwetu Nzwani. Nikamwachia mwenye nyumba ufunguo, nikapanda meli, mtoto akitapika njia nzima.

Ofisini Mutsamudu wakaniandikia cheti kipya, chenye muhuri wa nchi mpya. Nikawaambia nataka chenye muhuri wa zamani.

"Huo tumeuchoma," alisema bwana mmoja, kifua mbele. "Hakimu wa Moroni na azoee."

Nilishuka melini Moroni nikaenda moja kwa moja mahakamani. Karani alikigeuza cheti, akanirudishia kwa ncha za vidole kama samaki aliyevunda. "Nchi hii haipo, mwanangu. Nikikipokea, kazi sina."

Basi mimi sikuzaliwa. Asiyezaliwa hashitaki, ila kudaiwa anadaiwa.

Chumbani palibaki meza bila cherehani. Mwenye nyumba aliangalia chini. "Walikuja watatu, bibi. Niliwafungulia. Ningefanyaje?"

Kesho yake nilipita Badjanani nikakiona cherehani changu kimewekwa mbele ya duka, kinauzwa tena. Walikuwa wamekifuta vumbi, lakini chini ya sindano bado kimebanwa kipande cha gauni la bibi harusi mmoja. Nilikiomba kipande hicho. Wakasema ninunue mashine yote.

Jioni mama wa bibi harusi akaja kugonga, anataka kitambaa chake. Naye hakuwa na hukumu mkononi. Nilimfungulia.